Kabla Hujatoa Laki Nne kwa Chupa ya Unyunyu

Korosho zikishapita mnadani na malipo yakaingia kwenye akaunti, maswali ya manukato huanza. Yanakuja kwa mdomo, yanakuja kwa simu, na mengi ni yale yale ya mwaka jana. Sauvage Elixir na Sauvage ya kawaida zina tofauti gani? Libre na Good Girl, ipi inakaa? Nimenunua pafyumu laki na nusu hapa Rahaleo, Mtwara, saa nne asubuhi harufu imeshakata, je, nimepigwa? Na hizi noti wanazoandika, sijui bergamoti, sijui neroli, ndiyo nini?

Kwa aliye na haraka, jibu ni hili: usinunue jina, wala usinunue harufu ya dakika ya kwanza. Nunua harufu inayobaki mwilini mwako baada ya saa tatu za joto la Mtwara. Mwenye nafasi aendelee kusoma, maana njia ya kufika hapo ina mashimo.

## Orodha ya noti isome kutoka chini

Manukato ya nyumba kubwa huja na orodha ya harufu zilizomo, ndizo noti. Zimepangwa kwa jinsi zinavyoruka kutoka kwenye ngozi. Za juu ni nyepesi: limau, balungi, mnanaa. Hizo ndizo zinazokupiga puani dukani, na kwa hewa yetu robo saa inatosha kuzimaliza. Za kati ni maua na viungo, hukaa saa moja, mbili, pengine tatu. Za chini ni miti, utomvu, vanila, miski na ambari. Hizo utazikuta kwenye kola jioni unapovua shati.

Muuzaji analijua hilo. Ndiyo maana anapuliza, anakupepea, na kabla hujahema mara ya tatu keshauliza utatoa ngapi. Anachokuuzia pale ni noti za juu, nawe utaishi na za chini.

Majina yasikutishe. Mtu aliyekulia pwani anavijua vingi vya vitu hivi kutoka jikoni, uani na harusini:

- Bergamoti. Tunda la ukoo mmoja na limau na danzi, hulimwa zaidi Calabria, kusini mwa Italia. Ndilo linalofungua Sauvage ya Dior (2015). Likishaondoka, kinachobaki ni ambroksani, harufu kavu ya maabara inayoiga ambari. Kama ambroksani huipendi, Sauvage si yako, hata ule mwanzo wake ukupendeze vipi.
- Neroli na ua la mchungwa. Ni ua la mdanzi. Aliyewahi kukaa chini ya mdanzi uliochanua anaijua nusu ya Libre ya Yves Saint Laurent (2019). Iliyobaki ni lavenda na vanila. MYSLF, ya wanaume, ya nyumba hiyo hiyo (2023), nayo imejengwa juu ya ua hilo.
- Asumini. Imo katika Good Girl ya Carolina Herrera (2016), ile chupa yenye umbo la mchuchumio. Chini yake kuna kakao na tonka, punje yenye utamu wa karibu na vanila. Kwa hiyo usitegemee asumini ya kusukwa ya bibi harusi. Hii ni asumini iliyokaa karibu na keki.
- Langilangi. Komoro, ng'ambo ya maji kutoka hapa kwetu, ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa mafuta yake duniani. Yamo katika Chanel No. 5 tangu 1921.
- Iliki, mdalasini, kungumanga. Vyote vitatu vimo katika Sauvage Elixir (2021), juu ya lavenda na miti.
- Karafuu. Opium ya Yves Saint Laurent (1977) inayo ya kutosha. Matoleo mengi ya leo huitia kwa kijiko kidogo.
- Zafarani. Ndiyo uso wa Baccarat Rouge 540 ya Maison Francis Kurkdjian (2015), pamoja na asumini, mwerezi na ambari. Wengi husikia sukari iliyoungua. Wachache husikia hospitali.
- Vanila. Burberry Goddess (2023) ni vanila na lavenda.
- Tende. Khamrah ya Lattafa ya Falme za Kiarabu (2022): tende, mdalasini, vanila.
- Udi na sandali. Oud Wood ya Tom Ford (2007) ndiyo iliyowazoesha wengi wa magharibi. Udi wa chupa za namna hii kwa kawaida hutengenezwa maabara, ni msafi na mkavu. Anayetafuta moshi wa chetezo atavunjika moyo.
- Ambari na miski. Ambari halisi hutoka tumboni mwa nyangumi, na pwani hii ya Wazanji iliiuza ng'ambo zamani sana. Msafiri Al-Masudi aliitaja katika karne ya 10. Leo neno ambari kwenye boksi lina maana ya mchanganyiko wa utomvu na vanila, au kazi ya maabara. Miski vilevile. Si udanganyifu, ndivyo biashara ilivyo.

## "Intense", "Elixir", "Parfum": usidhani ni ile ile yenye nguvu zaidi

Hapa watu wengi wanapoteza hela. Nyumba ikipata jina linalouzika hailiachi. Sauvage ilitoka 2015, ikafuatwa na nyingine 2018, 2019, 2021 na 2024. Bleu de Chanel ilianza 2010, ikaja ya 2014, ya 2018, na L'Exclusif mwaka 2025. Mtu anaipenda ya rafiki yake, anakwenda kununua "ile kali", anarudi na kitu kingine kabisa. Sauvage ya kawaida ni ya limau na pilipili, Elixir ni ya viungo na miti mizito. Zinashirikiana jina tu.

Kama kuna moja uliyoipenda kwa mtu, piga picha boksi lote, si jina peke yake. Maandishi madogo ya chini ndiyo yanayosema ni ipi.

Kuhusu ukali wa mchanganyiko, viwango hivi ni vya kawaida, ingawa kila nyumba ina lake:

- Eau de Cologne: mafuta ya harufu asilimia 2 hadi 5.
- Eau de Toilette: asilimia 5 hadi 15.
- Eau de Parfum: asilimia 15 hadi 20.
- Parfum au Extrait: asilimia 20 na kuendelea.

Asilimia kubwa hukaa zaidi, ila haina maana itasikika mbali zaidi. Parfum nyingi hukaa karibu na ngozi, kimya. Anayetaka asikike mlangoni kabla hajaingia mara nyingine anahitaji Eau de Toilette. Sisemi ni tabia nzuri.

## Joto la kwetu lina masharti yake

Mengi ya manukato haya yalitungwa kwa mitaa ya Paris na New York, ambako mtu huvaa koti miezi kadhaa ya mwaka. Sisi kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, hewa ni nzito na jasho halikauki. Joto huifanya harufu iruke upesi na mbali. Kile kinachoitwa kitamu na cha kukumbatia kule kwenye baridi, hapa saa saba mchana ndani ya bajaji yenye abiria watatu nyuma ni adhabu kwa wote, dereva akiwemo.

Kwa hiyo gawa namna hii:

- Mchana wa kaskazi, ofisini, darasani, kliniki: limau, danzi, mrehani, chai, maua mepesi, miski safi. Acqua di Giò ya Armani (1996) na Light Blue ya Dolce & Gabbana (2001) ni za zamani lakini hadi leo joto haliziharibu. Katika mpya, Chance Eau Splendide ya Chanel (2025), yenye rasiberi, urujuani na miski, inavumilika mchana ukipuliza kidogo.
- Jioni ufukweni Shangani au Msimbati: upepo utakunyang'anya nusu, basi unaweza kupanda kidogo: maua ya mdanzi, langilangi, sandali.
- Harusi na shughuli za usiku: hapa ndipo Khamrah, Baccarat, Good Girl na udi wa kila aina panapozifaa.
- Juni hadi Agosti, kusi ikivuma: asubuhi kuna ubaridi. Mdalasini, iliki na vanila vinakaa vizuri hata mchana.

"Lakini za limau hazidumu!" Kweli, hazidumu, na hakuna bei itakayozifanya zidumu. Dawa yake ni kichupa cha mililita tano au kumi mfukoni, unarudia saa nane mchana. Kuchagua chupa nzito ili tu idumu mpaka magharibi ni kuwapa wenzako kazi ya kukuvumilia.

## Jinsi ya kujaribu dukani

1. Nenda umeoga, bila losheni yenye harufu wala deodoranti kali. Usiende umetoka kula samaki wa kukaanga.
2. Anza na karatasi. Zisizidi nne, baada ya hapo pua inadanganya.
3. Chagua mbili tu. Moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, ndani ya kifundo cha mkono. Usisugue. Kusugua huipasha moto ngozi na kuzikimbiza noti za juu kabla hujazisikia.
4. Toka dukani. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wote. Mwambie muuzaji utarudi, akinuna, anune.
5. Nusa baada ya robo saa, baada ya saa moja, baada ya saa tatu. Andika kwenye simu unachosikia.

Chukua mfano wa Goddess. Umepuliza saa nne asubuhi Rahaleo: lavenda inakuja safi, kama shuka lililotoka kamba ya kuanikia. Ukitembea hadi sokoni na jua la saa nne na nusu, lavenda imeshuka, vanila imepanda, na kama umetoka jasho kuna utamu fulani mzito unaokurudia kila ukiinua mkono kufuta uso. Saa saba mchana imebaki vanila peke yake. Hiyo ndiyo unayoinunua. Kama saa saba umeichoka, umeokoa laki kadhaa.

Kuna maduka yanaweka punje za kahawa eti zisafishe pua. Hazina faida zaidi ya kunusa kiwiko chako kitupu au nguo uliyovaa. Toka nje uvute hewa.

Jambo jingine: pua huzoea. Ambroksani na baadhi ya miski hupotea puani mwa aliyevaa baada ya dakika chache, huku jirani anaisikia kwa ukali ule ule. Wengi wanaolalamika kwamba harufu "imekata" hawajapigwa, pua imechoka. Kabla hujaongeza, muulize mtu mwingine, si yule unayekaa naye nyumba moja.

## Feki: hesabu kwanza, macho baadaye

Chupa halisi ya mililita 100 ya nyumba hizi za Ulaya na Marekani, kwenye nchi zinakotoka na kwenye maduka ya viwanja vya ndege, kwa kawaida inaanzia kama dola 100 na kupanda. Baccarat na Tom Ford ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Dola 100 ni karibu laki mbili na nusu za kwetu. Ongeza ushuru, usafiri mpaka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya mia tano za barabara ya kusini, na faida ya mwenye duka. Sasa niambie, Sauvage ya elfu thelathini iliyopangwa mezani karibu na stendi ya Mkanaledi imetoka wapi?

"Ya wizi bandarini." "Imetolewa boksi." "Shemeji yangu yuko Dubai." Hadithi hizi zinapendwa kwa sababu zinampa mnunuzi nafasi ya kujiona mjanja. Mzigo wa kweli hata ukiwa wa magendo unauzwa karibu na bei yake, maana anayeuza naye anaijua.

Hesabu ikikubali, ndipo uangalie:

- Nailoni ya boksi. Halisi imekazwa, mikunjo imenyooka, haina gundi iliyovuja. Nailoni legelege yenye mapovu ni dalili mbaya.
- Maandishi. Tafuta herufi zilizokosewa, wino uliotanda, nafasi zisizo sawa. Pitisha kidole, mara nyingi feki huwa bapa mahali palipopaswa kuinuka.
- Namba ya toleo. Ipo chini ya boksi na chini ya chupa. Lazima zifanane. Zikifanana bado si ushahidi kamili, kwa sababu wanaoghushi nao wanazinakili; lakini zisipofanana, acha.
- Kofia. Ya Bleu de Chanel ina sumaku, hujigeuza mpaka nembo ikae sawa na chupa. Feki nzuri nazo siku hizi zina sumaku, ila hukaa upande.
- Mrija wa ndani. Katika chupa halisi ni mwembamba, karibu hauonekani kwenye maji. Mrija mnene mweupe unaopinda chini ni wa kutilia shaka.
- Kipuliza. Halisi hutoa ukungu mwembamba na mpana. Kinachotema matone kinakuambia kitu.
- Mwisho wa harufu. Feki hutumia hela yake yote kwenye dakika tano za mwanzo. Kisha inabaki spiriti na utamu wa sabuni.

Neno "testa" lisikulevye. Testa za kweli zipo, huja kwenye boksi jeupe au la kaki, mara nyingine bila kofia. Lakini kwa kuwa hazina boksi la kukaguliwa, ndizo rahisi kughushi. "Kopi namba moja" na "grade A" maana yake ni feki, muuzaji amekuwa mkweli nusu.

Kuna atakayesema: feki nayo si inanukia? Inanukia. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua kilichomo. Unaiweka shingoni, chini ya jua, kila siku, na upele ukitoka hakuna wa kumuuliza. Usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu 2019, na bidhaa za kughushi zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Ukipigwa, peleka chupa na risiti. Usipodai risiti siku ya kununua, huna kesi.

Ushauri wangu kwa mwenye elfu themanini ni mmoja na sitaubadilisha: nunua kitu halisi cha nyumba ya bei ya chini. Lattafa, Armaf, Rasasi, Swiss Arabian, zote za Falme za Kiarabu, zina kazi nzuri kwa sehemu ndogo ya bei ya Ulaya. Asad ya Lattafa iko njia moja na Sauvage Elixir. Yara yao, matunda na vanila, wanawake wengi mjini wameshaipenda bila kuambiwa na mtu. Nazo zimeanza kughushiwa, basi kagua vilevile. Kwa aliyejaliwa na anapenda udi na ubani uliopikwa kwa mikono ya Kiarabu, Amouage ya Oman, iliyoanzishwa 1983, inashindana na yeyote wa Paris kwa harufu na kwa bei pia.

## Za kupima: nzuri zipo, ila uliza

Nyote mnaijua meza ya muuzaji wa manukato ya kupima. Chupa kubwa zimepangwa safu, kila moja ina karatasi yenye jina la kalamu: Sovage, Bakarat, Gud Gel. Muuzaji anavuta mafuta kwa bomba la sindano, anaminya ndani ya kichupa kipya, anajazia spiriti, anatikisa, anakubandikia kofia. Dakika mbili. Elfu tano, elfu kumi.

Wauzaji hawa siwadharau hata kidogo. Huuziwi boksi la uongo. Unajua unanunua mafuta ya kuiga. Na mafuta matupu, bila spiriti, hukaa kwenye ngozi kuliko Eau de Toilette nyingi za bei, ingawa hayasikiki mbali. Ila mambo matatu yaangalie:

- Spiriti gani? Omba kuona dumu lake. Spiriti ya bei rahisi inaweza kuwa na methanoli, sumu inayoweza kupita hata kwenye ngozi. Akishindwa kuonyesha, chukua mafuta peke yake.
- Kipimo. Mwambie mbele yako: mililita ngapi za mafuta, ngapi za spiriti. Robo mafuta ni mchanganyiko wa heshima. Akikuwekea matone mawili, unanunua spiriti yenye rangi.
- Subira. Kilichochanganywa leo kinanuka spiriti. Kiweke kabatini wiki moja au mbili kabla ya kuhukumu.

## Kujipulizia

Mbinu si ngumu. Oga, jifute ukiwa bado na unyevu kidogo, paka mafuta yasiyo na harufu kwenye sehemu utakazopuliza. Vaselini ya kawaida inatosha. Ngozi kavu huimeza harufu, ngozi yenye mafuta huishikilia. Mafuta ya nazi ya kukamua nyumbani ni mazuri kwa ngozi, lakini yana harufu yake na itagombana na chupa uliyolipia.

Pulizia ukiwa mbali kama urefu wa kiganja: nyuma ya shingo, kifuani chini ya nguo, ndani ya viwiko. Mchana, mara mbili au tatu. Usiku wa harusi, nne au tano. Ukizidisha hapo hujipambi, unapulizia dawa ya mbu.

Kwa makadirio, mpulizo mmoja ni sehemu moja ya kumi ya mililita. Chupa ya mililita 30 ni mipulizo kama 300. Ukitumia mitatu kwa siku, siku mia. Ndiyo maana nasema anayeanza asikimbilie ya mililita 100. Nunua ya 30, uone kama ikiisha utairudia.

Makosa ninayoyaona kila siku:

- Kupuliza juu ya jasho. Manukato hayaui harufu, yanachanganyika nayo. Kikwapa na Chanel vikikutana, kikwapa hushinda.
- Kupuliza juu ya salfa. Hili ni letu. Kuanzia Juni, mikorosho inapopuliziwa, unga wa salfa huingia kwenye nywele, chini ya kucha, kwenye mshono wa fulana. Anayetoka shambani Tandahimba au Nanyamba akipitiliza msibani na kujipulizia njiani atanuka yai bovu lililopambwa. Oga kwa sabuni mara mbili, osha nywele, badili hata mkanda. Kisha ndiyo chupa.
- Mafuta meusi kwenye kanzu nyeupe. Udi na ambari vya mafuta huacha doa la njano lisilotoka. Paka ngozini, ngoja vikauke, ndipo uvae.
- Kuchanganya vitatu. Losheni ya kakao, deodoranti ya bahari, pafyumu ya waridi, na juu yake umefukiza udi. Chagua kiongozi mmoja. Kama nguo umeifukiza, pulizia kitu chepesi au usipulizie kabisa.
- Kikwapa kilichonyolewa sasa hivi. Kinaungua. Ngoja mpaka kesho.

## "Ina spiriti, naweza kuswali nayo?"

Fatwa sitoi, muulize sheikh wako; wenyewe wametofautiana. Ninachoweza ni kukuonyesha pa kuangalia. Kwenye boksi, kwenye orodha ya vilivyomo, ukiona ALCOHOL au ALCOHOL DENAT. mwanzoni, ina spiriti, na karibu manukato yote ya wabunifu yako hivyo. Asiyetaka ana njia tatu: mafuta na atari, marashi ya mawaridi, au matoleo machache ya maji, kama J'adore Parfum d'Eau ya Dior (2022) na Sauvage Eau Forte (2024), yaliyotengenezwa bila spiriti.

Aliye katika eda ya kufiwa na mume anajua hukumu yake. Wageni wanaomtembelea nao waingie kwa kiasi.

## Ngozi, pumu, watoto

Jaribu tone moja ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima. Kwenye boksi utaona maneno kama LIMONENE, LINALOOL, EUGENOL: hizo ni kemikali za asili za limau, maua na karafuu ambazo baadhi ya watu huziitikia kwa mwasho. Kama mafuta ya karafuu hukuwasha, EUGENOL ni ile ile.

Ngozi iliyokwisha chunwa na mkorogo usiipulizie moja kwa moja. Imekonda, spiriti inaiunguza, jua linamalizia, na alama inayobaki ni nyeusi kuliko ulivyokuwa kabla ya mkorogo. Pulizia nguo.

Watoto wachanga hawahitaji manukato. Mwenye pumu ndani ya nyumba, udi ufukizwe uani au madirisha yawe wazi. Mjamzito akisema harufu inamtibua, inamtibua, usibishane naye.

## Kuhifadhi

Maadui ni watatu: joto, mwanga na hewa. Bafuni hapafai. Dirishani hapafai, hata kama chupa inapendeza pale. Kwenye gari lililoegeshwa juani usithubutu. Weka ndani ya boksi lake, chini kabisa ya kabati, mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Ukiagiza kutoka Dar kwa basi, omba boksi lisafiri ndani na mtu, si kwenye buti juu ya injini, na likifika liache lipoe hadi kesho yake kabla ya kulinusa.

Chupa iliyotunzwa hivyo hukaa miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Za limau huchoka mapema, za udi na vanila huchelewa. Rangi ikikolea kidogo si neno, vanila hufanya hivyo yenyewe. Mwanzo ukianza kunuka siki au rangi ya kucha, pulizia kwenye kanga kuukuu, ngoja saa moja. Noti za chini zikiwa bado nzima, endelea kuitumia kwenye mapazia na mashuka. Zikiwa nazo zimeharibika, chupa ioshe uitie maua.